Jinsi ya Kupata Mifuko Miwili ya Mbolea ya Serikali Kabla Mahindi Hayajabeba

Mwongozo huu ni wa mkulima mdogo wa Trans Nzoia. Mdogo ni yule ambaye akisimama katikati ya shamba lake akapiga chafya, majirani wa pande zote nne humwambia "afya". Mwenye ekari mia tano kule Endebess hauhitaji. Yeye hupiga simu, na mbolea humfuata kwa lori. Sisi ndio tunaoifuata mbolea, kwa miguu, kwa bodaboda na, msimu mmoja ambao sipendi kuukumbuka, juu ya trela la matofali.

Utaalamu wangu sikuupata darasani. Nina ekari mbili za mahindi upande wa Kwanza (ndiyo, nakaa Kwanza, na kwenye foleni sijawahi kuwa wa kwanza). Nimefuata mbolea ya ruzuku misimu mitatu, nimelala nje ya ghala usiku mara nne, na nimefukuzwa langoni na mlinzi mmoja mara nyingi hivi kwamba siku hizi hunijulia hali ya watoto kabla ya kunifukuza.

Anza kwa kuelewa unachokitafuta. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, ambao bei yake ilipaa baada ya vita vya Ukraine kuanza hadi karibu Sh6,500 madukani mwaka 2022, serikali inakuuzia kwa bei ya chini, na ile tofauti inalipwa na hazina, yaani na wewe mwenyewe kwa mfuko mwingine. Rais William Ruto alitangaza habari hiyo njema siku alipoapishwa, 13 Septemba 2022: mifuko milioni 1.4, kila mmoja Sh3,500. Mwaka uliofuata bei ikateremshwa tena hadi Sh2,500. Tulishangilia. Halafu tukageuka kutazama mashamba yetu, kwa sababu Septemba kwetu mahindi yanakauka yakingoja panga. Kwa wenzetu wanaopanda mvua za vuli tangazo lile lilikuja kwa wakati. Kwetu ilikuwa sawa na kumwita mkunga mtoto akiwa ameshaanza shule.

Hilo nalitaja mapema ili usiingie katika shughuli hii ukidhani mbolea hufuata mvua. Mvua ya kwetu haina siasa: huanza kunusa katikati ya Machi, ikifika Aprili imekolea. Mbegu nayo haina shida. Kenya Seed iko hapo Kitale tangu 1956, na mfuko wa mbegu ya sita-moja-nne naununua dukani kwa muda wa kunywa soda. Mbolea ndiyo yenye kalenda yake: ya meli Mombasa, ya zabuni Nairobi, ya lori lililokwama Timboroa, na ya mheshimiwa kupata nafasi ya kuja kuizindua.

Basi, usajili. Huu hufanywa kwa chifu na wasaidizi wake, na nchi nzima tumesajiliwa zaidi ya milioni sita. Beba kitambulisho na namba ya simu, kisha uulizwe swali dogo ambalo ndilo litakaloamua maisha yako: una ekari ngapi? Vocha ya kununulia mbolea huhesabiwa kwa ekari. Mimi, kwa ujinga wa mtu aliyefunzwa Jumapili na wamisionari, nilisema mbili. Aliyenifuata, ambaye shamba lake naliona lote nikiwa nimeketi chooni, alisema kumi. Aliyemfuata akaona haya kupitwa, akasema kumi na tano. Ukijumlisha ekari zilizotajwa asubuhi ile kwenye baraza la chifu, kijiji chetu kinavuka mpaka, kinaingia Uganda na kumega kipande kizuri cha Mlima Elgon. Mzee wa mtaa, aliyekuwa ameketi pale kwa kazi ya kuthibitisha, aliangalia paa la mabati kwa muda mrefu sana, kama mtu anayehesabu misumari.

Jua pia kwamba ekari moja yaweza kuwa na wakulima watatu. Kuna mwenye hati miliki, anayeishi Nairobi na ambaye jembe analijua kwa picha. Kuna mpangaji, aliyelipa kodi ya msimu na anayeamka saa kumi na moja kulima. Na kuna mwana wa marehemu, anayedai kwamba baba yake hakuuza bali aliazima. Wote watatu wana haki ya kwenda kwa chifu na wote watatu wana simu. Ukiwa ndiwe unayelima, tarajia ujumbe wako kuwa wa mwisho. Na ukiwa mama unayelima shamba ambalo limesajiliwa kwa jina la mzee, na mzee yuko Eldoret na simu yake, basi andaa maneno matamu, kwa kuwa vocha ni yake, foleni ni yako.

Baada ya hapo unangoja ujumbe wa simu wenye vocha. Usizime simu, usibadilishe laini, usiiache kwenye chaja kwa jirani. Wangu wa msimu wa pili ulikwenda kwa laini niliyokuwa nimempa binti yangu. Binti akauona, akadhani ni matapeli, akaufuta. Sikumkaripia. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imetuonya tusiamini ujumbe unaotuambia tumepata kitu cha bei rahisi.

Ukiupata, soma jina lako herufi kwa herufi. Karani aliyenisajili alikuwa na haraka, akala irabu moja ya jina la baba yangu. Irabu hiyo ilinigharimu safari nzima: depo ya Bodi ya Nafaka, inakotolewa mbolea, ilisema mimi siye, chifu akasema mimi ndiye, depo ikasema chifu aandike barua, chifu akasema muhuri uko kwa naibu, naibu alikuwa matangani. Wakati huo mvua ilikuwa ikinyesha vizuri.

Sasa tufike kwenye foleni, kwa sababu hapo ndipo kilimo chenyewe kinapofanyika.

Ghala linafunguliwa saa mbili asubuhi. Kwa hiyo fika saa tisa usiku. Utakuta watu hawapo lakini foleni ipo, imepangwa kwa mawe. Kila jiwe ni mkulima. Wenyewe wamelala chini ya veranda ya kantini, wamejifunika turubai, na jiwe linawasimamia. Chagua jiwe lako kwa busara. Jiwe dogo hupigwa teke. Jiwe kubwa mno huwafanya watu waulize wewe ni nani. Mimi hubeba la kwangu kutoka nyumbani, lenye mstari mweupe, ili nikilitambua nisibishane. Msimu mmoja nililiweka likiwa la nane. Kulipopambazuka lilikuwa la thelathini na moja. Mawe hayana miguu, lakini yakilala nje ya ghala la serikali hupata.

Usiridhike na jiwe peke yake. Kuna daftari la kijana mmoja anayejiita mwenyekiti, ambaye huandika majina kwa mpangilio wa waliofika. Andikisha. Kuna karatasi ya mlinzi, ambayo hutolewa saa kumi na mbili. Andikisha. Halafu kuna orodha ya ofisi, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na ndiyo inayotumika.

Jifunze kuwatambua wenzako. Mama mwenye mtoto mgongoni hupitishwa mbele, na ni haki yake; ndiyo maana kufikia saa nne utaona mtoto yule yule mgongoni mwa mama wa tatu. Wazee wana foleni yao, fupi lakini nzito, kila mmoja anasimulia jinsi ilivyokuwa enzi za Kenyatta. Kijana aliyevaa viatu safi huyu hana shamba: anauza nafasi. Aliwahi kuniuliza, kwa heshima kabisa, "Mzee, unataka ya mia mbili ama ya mia tano?" Ya mia tano iko karibu na dirisha. Na yule bwana mwenye tumbo, anayesalimiana na kila mtu na asiyepanga foleni popote, usimkere. Tutarudi kwake.

Saa mbili itafika. Saa mbili na nusu mlango utafunguliwa. Saa tatu mtaambiwa mtandao umelala. Mtandao wa depo hulala kama ng'ombe: ghafla, barabarani, na haupendi kuamshwa. Hapo karani hutoka nje na kikombe, akaangalia mbingu pamoja nanyi. Usimtukane. Hana kosa, ana mshahara. Tumia muda huo kunywa chai, kujua habari za vifo, na kutafuta mchumba wa mpwa wako. Najua ndoa mbili zilizoanzia foleni ya mbolea, moja bado imesimama.

Iwapo lori litaingia kwa lango la mbele, foleni itashangilia. Iwapo litatoka kwa lango la nyuma likiwa limefunikwa, foleni itakohoa.

Halafu kuna siku ya mheshimiwa. Epuka siku hiyo ukiweza, maana siku ya kuzindua mbolea hakuna mbolea. Kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna spika mbili kubwa, kuna lori lenye bendera na utepe. Wakulima huombwa wasogee karibu na kamera wakiwa na nyuso za shukrani. Mwaka mmoja, mama wa kijiji chetu aliitwa mbele, akakabidhiwa mfuko, akapigiwa makofi na kuombewa. Kamera zilipoondoka mfuko ulirudi ghalani na mama akarudi kwenye foleni. Kilichomuuma si mfuko. Ni kwamba jiwe lake lilikuwa limeondolewa ili hema lipate nafasi.

Kwenye hotuba utasikia mgawanyo wa kazi ukielezwa, na ni vizuri uuelewe ili ujue pa kupeleka malalamiko yako yasikosikilizwa. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kilimo ni kazi ya kaunti: afisa wa nyanjani anayepaswa kukuambia utie nini na lini analipwa na gavana. Mbolea ya ruzuku, hata hivyo, huletwa na serikali ya kitaifa na hupitia kwa Bodi ya Nafaka, ambayo haiko chini ya gavana. Hivyo mwenye ushauri hana mbolea, na mwenye mbolea hana ushauri. Ikichelewa, mbunge atakuambia uulize kaunti. Kaunti itakuambia uulize Nairobi. Nairobi itakuambia piga namba hii bila malipo. Nimeipiga. Muziki wake ni mzuri.

Hatimaye utafika dirishani. Hapa wengi huharibu kwa kuomba wanachokihitaji. Wewe unataka DAP, kwa sababu unapanda, na DAP ina fosforasi nyingi, asilimia 46 kwa kipimo cha mfukoni, na fosforasi haitembei udongoni: usipoiweka karibu na mbegu siku ya kupanda, mzizi hauioni. Karani atakuambia DAP imekwisha, iko CAN. CAN ni ya kukuzia, ya mahindi yaliyofika magotini. Naitrojeni yake ukiitia kabla mbegu haijaota mvua itaipeleka kwa jirani wa bondeni, na hatakuja kushukuru. Lakini ichukue. Mwezi Mei, mahindi yako yakiwa magotini na wewe ukitafuta CAN kwa udi na uvumba, ndipo DAP itakapojaa ghala hadi darini. Huo ndio utaratibu. Mkulima mzoefu huchukua msimu huu anachokihitaji msimu ujao, akakificha chini ya kitanda, akaomba Mungu panya wasijue.

Kuhusu kupima udongo, nakusihi usipime. Kitale kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, na wataalamu wamesema miaka mingi kwamba udongo mwingi wa North Rift umekuwa na asidi, na kwamba DAP, tuliyoitia kizazi baada ya kizazi, imechangia. Utaambiwa unahitaji chokaa kwanza. Utarudi nyumbani na karatasi inayosema kwamba mbolea uliyoilalia nje siku tatu shamba lako haliwezi kuila sawasawa. Mtu wa rika langu hahitaji habari kama hizo.

Lakini mbolea yenyewe ipime. Hili silisemi kwa mzaha. Machi 2024, mvua ikianza, waandishi wa habari za uchunguzi walifichua kwamba miongoni mwa mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya bei nafuu imo iliyojaa vumbi la mawe. Watu walikuwa wamekwisha kupanda nalo. Serikali iliahidi kuwafidia walioumizwa. Tarehe 2 Mei Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi: wabunge 149 waliunga mkono, 36 wakapinga. Kati ya tarehe 7 na 9 Mei, Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano mkuu wa Afrika kuhusu mbolea na afya ya udongo, ambako iliazimiwa kuongeza maradufu, la, mara tatu, uzalishaji na usambazaji wa mbolea ifikapo 2034. Tarehe 13 Mei kamati ya wabunge 11 iliyomchunguza waziri ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa, akaendelea na kazi hadi Julai, Rais alipolivunja baraza lake la mawaziri kwa sababu nyingine kabisa. Yote haya yalifanyika mahindi yakiwa yanaota, au hayaoti, kutegemea ulinunua mfuko gani.

(Mkutano wa Nairobi ulikuwa na kaka yake. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kwamba wastani wa kilo 8 za mbolea kwa hekta upande hadi kilo 50 ifikapo 2015. Mimi ni mkulima. Nikisema nitavuna 2015 na ghala likawa tupu, mke wangu haniruhusu kutangaza 2034.)

Kipimo cha kijijini ni hiki. Chukua glasi ya maji safi, tia kijiko cha mbolea, koroga, ngoja. DAP huyeyuka karibu yote. Ikikaa chini kama mchanga wa mto, na maji yakabaki na uso wa mtu asiyehusika, umenunua machimbo. CAN usiihukumu haraka: ina chokaa ndani yake, na huacha unga chini hata ikiwa halali. Najua mtu aliyempigia karani kelele mbele ya umati kwa sababu ya unga huo, na tangu siku hiyo jina lake halionekani kwenye mtandao hata ukiwa macho.

Niliahidi kurudi kwa bwana mwenye tumbo. Hili ni la wasomaji wasio na shamba lakini wenye moyo wa kilimo, kwa sababu ruzuku yetu haibagui. Huna haja ya ekari. Unahitaji pikipiki, fedha kidogo taslimu, na orodha ya watu ambao vocha zao zimefika wakati hawana pesa. Wako wengi, kwa sababu Machi ni mwezi wa mwisho kabisa wa pesa ya mavuno, na karo imeshapita nayo. Mjane ana vocha ya mifuko miwili lakini hana Sh5,000. Mpe mia tano kwa namba za vocha hiyo, mwambie unamsaidia. Atakushukuru, tena kwa dhati, kwa sababu ni mia tano ambayo hakuwa nayo. Kusanya namba arobaini. Halafu ingia depo kwa mlango ambao huanza na "Habari ya nyumbani?" Mifuko ya ruzuku ina alama, kwa hiyo utahitaji mifuko mingine, sindano ya magunia na vijana wawili wasiopenda kuongea. Polisi wamewahi kunasa watu mara kadhaa katika kazi hiyo ya kushona usiku, basi shona mchana, watu wakidhani ni mahindi. Wiki ya pili ya Aprili mjane atainunua mbolea yake mwenyewe dukani, kwa kilo, kwenye mifuko ya nailoni.

Hakuna mwaka ambao bwana huyu amepanda hata mche mmoja wa sukumawiki, na hakuna mwaka ambao amekosa mavuno.

Sasa hesabu, kwa kuwa mwongozo bila hesabu ni mahubiri. Nitatumia msimu wangu wa tatu, ambao ulikwenda vizuri kuliko yote. Mifuko miwili ya DAP, Sh5,000. Nauli ya safari tatu kwenda na kurudi, Sh900: ya kwanza niliambiwa mzigo haujafika, ya pili mtandao ulilala, ya tatu nikafaulu. Chai, maandazi na sahani ya ugali, Sh350. Siku tatu za kibarua nilizozikosa, Sh1,200. Kijana wa kunibebea hadi langoni, Sh100, maana mfuko ukishatoka ghalani hauruhusiwi kubebwa na mwenyewe. Bodaboda hadi nyumbani, Sh800, na dereva alilalamika njia nzima. Salio la simu la kumpigia chifu, Sh50. Jumla Sh8,400, yaani Sh4,200 kwa mfuko.

Duka la pembejeo la hapa kwetu lilikuwa likiuza mfuko huo Sh5,800. Kwa hiyo niliokoa Sh3,200 kwa mifuko miwili. Usicheke. Sh3,200 ni pesa, na ndiyo sababu tunalala nje. Yeyote anayetuambia tuache foleni hajawahi kuhitaji Sh3,200 mwezi wa Machi.

Ila kuna mstari mmoja ambao haumo kwenye risiti. Jirani yangu alinunua dukani kwa bei kamili na kupanda wiki ile mvua iliposhika. Mimi nilipanda siku 19 baadaye, siku ambayo mahindi yake yalikuwa yameshainua vichwa kuchungulia upande wangu. Mbegu ni ile ile, sita-moja-nne. Yeye alivuna magunia 20 kwa ekari, mimi 14. Magunia sita mara ekari mbili ni 12, na gunia liliuzwa Sh3,000, basi tofauti yetu ni Sh36,000. Haki ni haki: jirani hutia samadi na chokaa, mimi hutia matumaini. Tuseme nusu tu ya tofauti hiyo ni ya kuchelewa. Bado ni Sh18,000. Nilikesha siku tatu nikilinda Sh3,200 zisinitoroke, na nyuma yangu Sh18,000 zilikuwa zikitoka polepole, hata mbwa hakubweka.

Nimempelekea hesabu hii afisa mmoja. Aliisoma kwa makini, akasema ni nzuri sana, akaniuliza kama nimesajiliwa.

Kuhusu mbolea ya kukuzia sina mengi. Rudia yote niliyosema kuanzia aya ya ujumbe wa simu, lakini sasa ukiwa kwenye tope, na mahindi yako yameanza kuwa manjano chini.

Kama unashangaa ikiwa nitarudi msimu ujao baada ya kupiga hesabu hiyo, nimesharudi. Nimemwambia mke wangu kwamba mwaka huu ni tofauti: wamesema mbolea imefika mapema, kuna vituo vipya karibu na wananchi, na mtandao umefanyiwa ukarabati. Ameniandalia blanketi. Vocha yangu imekuja, jina limeandikwa sawasawa kwa mara ya kwanza, isipokuwa inasema nalima viazi.

Beba kalamu yako, kwa maana ile ya dirishani imefungwa kwa kamba na kamba ni fupi. Beba glasi, na mwavuli. Na ukifika pale kabla yangu, tafadhali niwekee jiwe. Langu ni lile lenye mstari mweupe. Nimemwachia muuza chai.